Sanduku la Kupimia Mabegi

Kokulinda, fundi cherehani wa mtaa wa Mirongo, alilishona begi lake la safari mwenyewe. Tiketi ya kampuni mpya ya ndege ilisema begi la mkononi lisizidi urefu wa inchi ishirini, naye akalikata ishirini kamili, maana humo angebeba gauni la harusi la mpwa wake hadi Bukoba. Kwenye meli alizozoea kuvukia ziwa, watu walipanda na mikungu ya ndizi na hakuna aliyewapima.

Uwanjani, karani mwenye tai alilisukuma begi ndani ya sanduku la mbao la kupimia. Likakwama.

“Limezidi, mama. Litaenda chini na mizigo.”

Kokulinda akatoa futi yake ya kushonea, akalipima sanduku lenyewe mbele ya abiria wote. Kwa nje lilikuwa inchi ishirini, kwa ndani kumi na tisa.

“Seremala wenu kapima nje,” akasema. “Begi langu linakaa nje au ndani?”

“Sanduku ndilo sheria, mama.”

Gauni likasafiri chini pamoja na magunia ya dagaa, na bibi harusi akaingia kanisani akinuka dagaa. Kokulinda alisaga meno misa nzima.

Mwezi uliofuata karani yuleyule alifika barazani kwake na kitambaa mkononi, bila kumtambua.

“Shikamoo, mama. Naomba unipime suruali.”

Kokulinda hakuitikia marahaba, wala hakugusa futi.

“Kalete lile sanduku lenu,” akasema, “uingie humo nikupime. Miguu ikizidi, itaenda chini na mizigo.”