Hodi Iliyokatazwa Pangoni

Ndovu alimvunja shangazi yangu nyonga, na baba ndiye aliyepigiwa makofi kanisani. Alisimama mbele ya waumini wa mtaa wetu wa Ziwani, leso mkononi, akasimulia jinsi Mungu alivyotuokoa katika pango la Mlima Elgon. Waliitikia amina mpaka mabati yakavuma. Shangazi alikuwa nyumbani kwetu wakati huo, amelazwa kwenye kochi la sebuleni, chumba kizima kikinuka dawa ya kuchua. Katika ushuhuda ule hakutajwa hata mara moja.

Haya yalitokea likizo ya Desemba, miaka ya tisini. Baba, karani wa reli, alitupeleka kwao magharibi ili tuione njia ambayo shangazi, dada yake mdogo, aliipita akiwabebea wapanda mlima mizigo. Shangazi alituonyesha mbega wakirukaruka juu ya miti mirefu, mikia yao myeupe ikipepea, na nyayo za ndovu zilizojaa maji ya mvua. Alitueleza kwamba ndovu huingia mapangoni, huchimba mwamba kwa pembe, na kula chumvi iliyomo. Upande ule wa mlima, mtu haingii pangoni hivi hivi. Husimama mlangoni, hupiga makofi, huita hodi, kisha husubiri. Husemekana kwamba mababu walioishi humo waliwaachia ndovu nyumba zao, na mwenye nyumba hashtuliwi. Tulipofika, shangazi alikuwa ameshainua mikono. Baba akaishika.

"Mbele ya watoto wangu? Hatuwapigii mashetani hodi."

"Si mashetani, Baba Nasimiyu. Tazama kinyesi hiki, bado kinafuka mvuke. Kuna mama na mtoto humu."

"Mimi ni mzee wa kanisa. Tangulia."

Alitangulia, kwa kuwa kwetu dada hambishii kaka yake mbele ya watoto wake. Mimi, huyo Nasimiyu, nilimfuata, nimeshika shati lake. Nilisikia popo wakichachawa, mawe yakiporomoka, kisha giza lenyewe likatujia mbio. Shangazi alinisukuma kwenye ufa wa ukuta. Yeye hakupata pa kujibanza. Baba alikuwa bado nje, kwenye jua.

Shangazi alipotoka hospitalini aliletwa kwetu, na muhula wote watoto wa mtaa walijaa sebuleni kumsikiliza.

"Anti, ati ndovu anakula mawe? Zii! Unatucheza!"

"Anatafuta chumvi, wewe kichwa maji. Mbona wewe huli chipsi bila chumvi?"

Walicheka hadi wakaangukiana. Kisha binti wa jirani akauliza, "Sasa ulimfanyia nini akakukasirikia hivyo?"

Baba alikuwa ameingia kutoka kazini, viatu mkononi. Shangazi alimgeukia kaka yake, akamngoja aseme neno, na sote tukamngoja pamoja naye.

"Aliteleza," baba akasema. "Haya, tokeni nje, mgonjwa apumzike."

Shangazi aligeuza uso ukutani. Siku hiyo nilimchukia baba kwa chuki ya mtoto, isiyojua kupungua, na umri haujanisaidia kuipunguza. Shangazi hakubeba tena mzigo wa mtu. Kazi aliyoipenda ilikwisha, na kila aliyeuliza sababu aliambiwa kwamba mwenye njia yake aliteleza kwenye njia yake.

Siku hizi waongozaji wa mlima ule huwaambia wageni wasimame mlangoni mwa pango wapige kelele kwanza. Jambo hilo wanaliita usalama, na hakuna anayewakemea kwa kuabudu mashetani. Baba amezeeka, lakini ushuhuda wake unazidi kunenepa: sasa aliomba kwa sauti, na ndovu akapiga magoti. Mchungaji amemtaka autoe tena kwenye ibada ya familia, Jumapili ijayo, jamaa wote wakiwapo. Nilimpigia shangazi simu kumwambia, nikidhani atakataa kuja. Amekubali. Ameuliza tu kama kanisani kuna kipaza sauti, kisha akakata simu.