Mabehewa Nane, Jibu Chini ya Sifuri

Kosa lilikuwa langu, si la mashine. Wakati wa Zaire, chefu, mkuu wa biro yetu ya mizigo ya treni, Kalemie, alitaka kuirudisha ordinateri, kompyuta yetu, Lubumbashi, akisema haina faida. Niliapa kuonyesha faida yake ili ibaki. Kwa lugha ya C niliandika fonksyo, kipande cha programu kinachojiita chenyewe: nane mara jibu la saba, saba mara jibu la sita, mpaka moja, tujue mabehewa nane yanaweza kupangwa kwa namna ngapi. Kwa matano ilijibu mia moja ishirini, sawasawa. Nikaita biro nzima bila kujaribu nane.

Mbele yao nikaandika nane; jibu likatoka chini ya sifuri.

“Papa Kalunga,” chefu akaniuliza, “njo kusema treni yangu inarudi nyuma kabla ya kutoka?”

Wakacheka. Nilikuwa nimelitengea jibu nafasi ndogo; lilipopita elfu arobaini likafurika, likageuka hasi.

“Ngoja, Chefu, naipanua sasa hivi!” Nikainamia vitufe.

Kioo kikazimika. Chefu alikuwa amechomoa waya wa umeme.