Spotlaiti za Lori Langu na Balbu ya Ng'ambo

Admin, jina langu lifiche, na lori usilitaje rangi, maana huku milimani lori linajulikana kuliko mwenye lori.

Mimi ni mwanaume wa miaka hamsini na nane, Msambaa wa Lushoto, nimefiwa na mke na naishi peke yangu. Nina Fuso langu mwenyewe, nabeba kabichi na karoti kutoka Mgwashi kwenda Dar. Swali langu mtaliona la kipuuzi. Nataka kufunga spotlaiti mpya juu ya kabini, na nimeshindwa kuchagua kati ya za bei rahisi na za ghali. Chekeni, lakini someni mpaka mwisho.

Miaka mitatu iliyopita nilikuwa nimeshafika Chalinze na mzigo, binti yangu akanipigia. Yeye ni mtoto wetu wa pekee, ameolewa kijiji cha pili tu kutoka kwetu. Akasema, "Tate, geuza urudi. Mama hali yake si nzuri." Tate ndiyo baba kwa Kisambaa. Nikamjibu, "Ngoja nishushe mzigo kwanza, kabichi zitaoza." Nilidhani ni homa kama homa nyingine. Simu ikaisha chaji na sikuhangaika kuichaji. Nikashusha, nikauza, nikalala kidogo, ndipo nikaanza safari ya kurudi. Nilipofika nyumbani nilikuta udongo mbichi. Sisi Waislamu maiti hatuilazi. Walinisubiri mpaka alasiri, wakamzika bila mimi.

Binti yangu hakunilaumu kwa kelele. Alinitazama akasema, "Mzee, kabichi zilifika salama?" Tangu ajue kuongea ananiita Tate, siku ile nikawa mzee. Na shikamoo hakunipa, mbele ya waombolezaji wote. Aliyelelewa huku anajua jambo hilo lina uzito gani.

Wale mtakaoandika "nenda kamwombe msamaha", nimewasikia tayari. Nilimtuma shemeji yangu akaniombee radhi. Akarudi na jibu, "Amesema hana ugomvi na mtu." Afadhali angenitukana. Mwenye ugomvi mnakaa mkayamaliza, asiye na ugomvi unaanzia wapi? Baada ya hapo nilikutana naye sokoni Lushoto, nimesimama na muuza viazi. Akamwamkia muuza viazi shikamoo kwa adabu zote, mimi akanipita. Muuza viazi alijifanya anapanga viazi vyake, na mimi nikanunua viazi ambavyo sikuvihitaji.

Sasa niwaambie habari ya taa. Binti alipokuwa mdogo, nikirudi na gari barabara ya ng'ambo ya nyumba yetu, nilikuwa nawasha na kuzima taa mara tatu. Mama yake anamwambia, "Tate wako huyo," anampa tochi, na yeye ananijibu. Nyumba anayokaa sasa nayo iko ubavuni mwa mlima, inatazamana na barabara ninayoshukia na mzigo kwenda Soni. Mwaka mmoja baada ya msiba, magharibi inaingia, nilifika kwenye kona inayotazamana na nyumba hiyo na mkono ukaenda wenyewe kwenye swichi ya spotlaiti za juu ya kabini. Mara tatu. Ng'ambo ya bonde balbu ya barazani kwake ikazimika, ikawaka. Nilisimamisha gari nikalia kama mtoto.

Safari iliyofuata nikafanya tena, akajibu tena. Ikawa hivyo karibu miaka miwili, kila Jumatatu na Alhamisi. Hakunipigia simu, sikumpigia. Mazungumzo yetu yote ya baba na mwana yalikuwa hayo.

Spotlaiti zile zilikuwa za bei rahisi. Masika haya zimeingia maji, moja imekufa, nyingine inafifia. Tangu hapo balbu haijibu. Hata siku zisizo na ukungu naiona inawaka tu pale barazani, haizimiki. Mtaniuliza kwa nini nisitumie taa kubwa za mbele. Kona ile kila dereva anapiga taa kubwa ili wenzake wanaopanda wamwone. Taa za juu ya kabini ninazo mimi peke yangu, na ndizo anazozijua.

Wiki iliyopita nilikwenda kwa fundi wangu wa umeme wa magari. Akaniwekea maboksi mawili juu ya meza.

"Hizi za bei rahisi zinang'aa dukani," akasema. "Mbele ya gari sawa, mbali hamna kitu. Lakini hizi orijino maji haziingii, na mwanga wake unavuka bonde. Au hela huna?"

"Ninayo."

"Basi kinachokushinda nini?"

Nikamwambia nitarudi. Nikaenda nyumbani, nikasonga ugali wa mtu mmoja, ambao kila siku unabaki kwa sababu mkono wangu bado unapima wa watu wawili.

Kinachonishinda ni hiki, na ninaogopa hata kukiandika. Nikifunga za bei rahisi na asipojibu, nitasema taa hazifiki. Na hilo naweza kuishi nalo hata miaka kumi. Lakini nikifunga za ghali, mwanga ukavuka bonde ukagonga ukuta wa nyumba yake, na balbu ikaendelea kuwaka vilevile, basi nitakuwa nimeshajibiwa.

Fundi ananisubiri Jumatatu asubuhi, kabla sijapanda Mgwashi kupakia. Nishaurini ndugu zangu, hasa nyinyi mabinti ambao kuna siku mliwanyima baba zenu shikamoo. Nifunge zipi?