Ngozi ya Mjomba Gamba

Chwii!

Sauti hiyo ndiyo iliyonilea. Mjomba alikuwa mpiga pasi kwenye kiwanda cha kufulia mashuka ya mahoteli, na kipimo chake cha moto kilikuwa kidole. Alikilamba, akagusa pasi, akasikiliza. "Pasi ikinyamaza, bado mbichi," aliniambia.

Kidole kiliungua, kikaambuka ganda jembamba kama la kitunguu, na chini yake ikachungulia ngozi mpya, laini kama ya kitoto. Basi kazini wakambandika jina: Gamba.

"We Gamba, ngozi unanunua wapi?" fundi wa mitambo alimtania.

"Naagiza kwa jumla. Hiyo yako mtumba!"

Uzee ulimkuta bado amesimama mbele ya meza ileile. Siku moja bomba la mvuke likamlamba muundi. Alama yenyewe haikuzidi bapa la kijiko. Mkaza mjomba akamsihi aende hospitali.

"Ya nini, mama watoto? Ngozi yangu naijua. Inajishona yenyewe."

Akaiachia ijishone, kama ilivyozoea. Haikujishona. Kingo za kidonda zilisimama pale kama wasafiri waliofika mtoni wakakosa mtumbwi. Soksi ikaanza kugandia nyama. Alipoanza kukaa peke yake wakati wa kula, akisingizia joto, tulijua anaficha harufu ya kidonda.

Hospitali walimchuna ngozi ya paja wakamwekea muundini. Muundi ukaikataa. Na paja nalo, pale lilipochunwa, likabaki bichi. Tulimpeleka na kidonda kimoja. Sasa alikuwa na viwili.

Muuguzi aliyemsafisha hakuwa mtu wa kuficha.

"Mzee, chini kabisa ya ngozi kuna seli shina. Hizo ndizo zinazozaa ngozi mpya. Moja inajigawa watoto wawili: mmoja anabaki shinani, mwingine anapanda juu kuziba pengo."

"Na zangu zimekufa?"

"Si zote. Nyingine zimeng'oka mahali pake zikasukumwa nje. Zilizobaki zimechoka. Kidonda kinaita, zinachelewa kuitika."

"Nimezitumikisha sana kwa hiki kidole changu, eh?"

"Hapana, mzee. Huo ni umri. Hata muundi wa mfalme ungefika hapa."

Nilidhani atacheka. Aliutazama ukuta.

Kisha daktari akaja na neno la kukata mguu chini ya goti, kabla uozo haujapanda. Mkaza mjomba akajifunika uso kwa kanga. Mjomba akauliza kama mtu anayeuliza bei ya sabuni:

"Hapo mtakapokata, patafungwa na ngozi gani?"

Daktari alimtazama muuguzi. Muuguzi akaitazama bandeji aliyokuwa ameishika.

"Ya kwako, mzee," akasema.

"Hiihii?"

"Hiyohiyo."

Wakatoka. Mkaza mjomba akaenda kuwapigia simu watoto wake walio mbali, nikabaki na Mjomba. Chai yake ilikuwa ikifuka moshi kando ya kitanda. Alikilamba kidole, kwa mazoea tu, akagusa bati la kikombe. Hakikulia chwii. Akakirudisha kinywani kama mtoto, akakitoa, akakiweka juu ya bandeji ya muundi, taratibu, asije akauamsha uchungu.

Akainama. Ilinibidi nisogee ndipo nisikie.

"Itikeni basi, wanangu."