Nishani ya Aliyenibeba

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nilimaliza kidato cha nne nikarudi moja kwa moja kwenye mibuni yetu huku Mbinga, na safari yangu ndefu ikabaki kuteremka Mbamba Bay kununua dagaa, kisha kurudi nikilalamikia joto. Miguu ya kwenda mbali alipewa kaka yangu. Aliingia jeshini, akapelekwa vita vya Uganda, na hakurudi.

Taarifa ilikuja, mwili haukuja. Mama akakataa matanga. Kwetu msiba haumaliziki mpaka mtani amwigize aliyekufa: avae nguo zake, atembee kwa mwendo wake, watu wacheke huku wanalia. Mtani wetu, mzee wa Kingoni aliyehamia jirani, alikuja siku ile tayari kwa kazi. Mama alimzuia mlangoni. "Mtani haigizi mtu aliye hai," alimwambia.

Basi koti la kaka likawa linaanikwa kila kiangazi na kurudishwa sandukuni. Mimi nilikatazwa hata kulijaribu, ingawa baridi ya Umatengo haina upendeleo.

Miaka ikapita. Wanunuzi binafsi wa kahawa walikuwa wameanza kupanda milima yetu na mizani zao, siku alipofika askari kutoka Songea kutuambia kwamba kaka atapewa nishani ya ushujaa, na mama ndiye wa kuipokea. Mama akamuuliza kama mwenyewe anakuja nayo. Askari akanitazama mimi. Mimi nikatazama kuku.

Mwishowe alikubali kwenda, kwa sharti moja: mtu yeyote asimwite mwanawe marehemu. Neno hilo likitamkwa, anaondoka. Nilimfikishia askari ombi hilo nikijiona balozi. Akasema atajaribu, ila msomaji ni mkubwa wake.

Siku ya sherehe uwanja ulijaa. Mama alikaa kwenye ukingo wa benchi kama mtu anayesubiri gari. Nyuma yetu alikaa mtani, ambaye hakualikwa na mtu, akaanza na koti langu la mitumba.

"Bwana mdogo, mwenye koti hili alikufa nalo, au alilikimbia?"

Siku nyingine ningemjibu. Siku hiyo nilikuwa namtazama afisa akifungua karatasi yake, na jasho lilinitoka kwenye baridi. Akasoma cheo. Kabla ya jina, akalisema lile neno.

Mama akasimama. Aligeuka kuelekea barabarani. Nikashika pindo la khanga yake, akalivuta. Watu wakaanza kugeuza shingo. Afisa hakuona, aliendelea kusoma kwa sauti ile ile ya gwaride, kwamba askari huyu alirudi kuchukua wenzake walioumia, akawafunga mgongoni mmoja mmoja kwa shuka, kama mama anavyobeba mtoto, akawavusha mto huku risasi zikipigwa.

Mama akasimama pale pale, mgongo wake ukiielekea meza ya wakubwa.

Hakuwa na binti. Nilipokuwa mdogo, kila alipokwenda kuchimba ngoro, yale mashimo yetu ya kulimia mlimani, alinifunga mimi mgongoni kwa kaka, kwa khanga, na akamfundisha fundo lake. Wavulana walimwita yaya. Alinibeba mpaka miguu yangu ikakaribia kuburuza chini, wala sikuwahi kuomba kushuka. Wako wanaosema sijashuka mpaka leo.

Afisa akasoma kwamba safari ya tatu alipigwa kifuani, na kwamba aliyekuwa mgongoni mwake yuko hai.

"Hakumwangusha," mama alisema, kwa sauti ya chini, kama anayejibu swali.

Kisha akageuka, akatembea mpaka mbele. Afisa alitaka kumbandika nishani kifuani. Yeye akakinga pindo la khanga, akaipokea humo, akafunga fundo.

Njiani mtani alitufuata nyuma. Tulipofika nyumbani, mama aliingia ndani, akatoka na koti la kaka, akamkabidhi mzee yule.

"Anza," alisema.

Mtani alilivaa. Akainamisha bega la kushoto, akatembea uani kwa hatua zile ndefu za kaka, nami nywele zikanisimama. Halafu akachukua khanga ya mama, akanijia.

"Panda, bwana mdogo."

Mtu mzima, mwenye mke na ndevu, nikapanda. Akayumba, akaegemea ukuta, akauliza majirani nani amemtwisha gunia la kahawa mbichi. Uani kukalipuka kicheko. Mama alicheka kuliko wote, akishika mbavu. Kisha kicheko kikamkatikia, akakaa chini kwenye vumbi, akamlilia mwanawe kwa jina.

Hakuna aliyemnyamazisha. Mtani alisimama na mzigo wake, nami mgongoni kwake sikuthubutu kushuka.