Kalamu ya Rangi ya Ziwa

Shule nilifika darasa la pili tu, halafu ng'ombe wa baba wakanihitaji kuliko mwalimu. Nasema mapema ili usishangae nikikwambia nilikuwa na kalamu za wino kumi na moja, na cha kuandika nazo nilikuwa na jina langu peke yake.

Nilikuwa tarishi katika ofisi moja hapa Kisumu, miaka ile Uhuru ukiwa bado mpya. Wazungu waliokuwa wakifunga mizigo kurudi kwao walinipa kalamu zilizovunjika nibu, nami nikazipokea kama mtu anayepewa vifaranga. Kulikuwa na nyekundu yenye mishipa myeupe, kama nyama ya buchani. Kulikuwa na ya manjano, kiini kabisa cha yai la kienyeji. Mhindi wa duka la vitabu aliniambia hizo zilitengenezwa chache tu, za sherehe, na kiwanda hakitazirudia. Basi Jumapili, baada ya kanisa, nilizipanga juu ya shuka nyeupe nikalala ubavu nikiziangalia, mpaka macho yakawa mazito na kalamu zikaanza kuogelea.

Watu walidhani mimi karani. Siku moja huko Ahero, nikiwa na nne mfukoni mwa shati, mama mmoja alinishika mkono. "Mwalimu, niandikie barua kwa mwanangu." Nikamwambia wino umeisha. Mungu shahidi yangu, ulikuwa umeisha katika zote nne.

Lakini nilitaka kusema juu ya moja, ile ya rangi ya ziwa. Ndani yake kulikuwa na kifuko cha mpira cha kuweka wino, na mpira ule ulivyozeeka uliila rangi kutoka ndani. Kila mwezi doa la kahawia lilipanda, kama chai inavyopanda kwenye kitambaa. Nikaona itanipotea. Nikaipeleka studio ipigwe picha ingali hai.

Mwenye studio alikuwa mtu mpole wa kutoka upande wa Mlima Kenya. Filamu yake ilikuwa nyeusi na nyeupe tu, lakini picha ikikauka aliipaka rangi kwa brashi nyembamba kama sharubu za paka. Akauliza, "Niipake rangi gani?" Nikasema, ya ziwa. Akaandika nyuma ya bahasha, maana maharusi walikuwa mlangoni wakimngoja.

Niliporudi kuchukua picha, kalamu ilikuwa bulu. Bulu ya sare ya shule!

"Bwana picha, hii ni nini?"

"Si ulisema ziwa?"

"Ziwa gani hilo?"

Akanionyesha ramani ukutani. Kweli, pale ziwa letu lilikuwa bulu tupu.

"Umekaa Kisumu miaka mingapi?" nikamuuliza.

"Sita."

"Na hujaliangalia?"

"Mzee, mimi nakaa kwenye chumba cha giza nikisafisha picha."

Tukacheka, lakini kwenye kalamu yenyewe rangi ilikuwa imebaki upana wa kucha.

Akachapa picha nyingine. Tukashuka pamoja hadi ufukweni, yeye na visahani vyake vya rangi, mpaka pale mke wangu alipokuwa akianika omena, wale dagaa wa ziwani.

"Yawa, baba watoto! Umeacha kazi uje kuonyesha mtu maji?"

"Rangi ya kalamu inakufa."

"Hata mimi nakufa na jua, na hakuna anayenipiga picha."

Lakini alikuja kusimama nyuma yetu. Fundi wa picha akachovya brashi ziwani. Mchana ule maji yalikuwa mazito, kijani kilichotiwa maziwa na majivu kidogo.

"Ongeza majani," mke wangu akaamrisha. "Aa, hiyo sasa ni sukuma wiki! Tia tope. Kidogo!"

Wingu likapita, ziwa likageuka, brashi ikalifuata. Mimi nilishika ile kalamu kando ya picha, sipumui, na ikafika mahali sikujua tena karatasi inaishia wapi na maji yanaanzia wapi.

"Wacha," nikasema. "Usiguse tena."

"Bado kifuniko."

"Wacha hivyo hivyo."

Mwaka haukuisha kalamu ikawa kahawia yote. Picha ninayo, kifuniko chake kijivu mpaka leo. Mimi nasema fundi alishika rangi ya kalamu. Mke wangu anasema alishika mchana ule tu, na ana ushahidi: pembeni kuna gamba la omena lililonasa kwenye rangi, na ukiinamisha picha dirishani linang'aa.