Ami Harub na Wamenonaiti Wake

Ami yangu Harub alikwenda Amerika siku kumi na mbili kumtazama mwanawe anayesoma Pennsylvania, akarudi kwetu Al Hail, Uarabuni, kajigeuza mchoraji. Kule aliwaona Waamishi na Wamenonaiti, Wakristo wa mashamba. Wengine wao hawataki gari wala umeme, hupanda vigari vya farasi. Aliwaona kwa dirisha la gari. Ikamtosha.

Tangu hapo ni mabanda mekundu, farasi, ngano, na wanawake wenye kofia nyeupe. Huchora chini ya kiyoyozi huku akituhubiria maisha ya kujinyima, yeye ambaye hata gilasi ya maji huletewa.

Aliyekuwa akimletea ni Evodia, mtumishi wake, mtu wa Musoma. Siku moja, nami nipo, Evodia alisimama na sinia mbele ya picha.

"Baba, hawa ni Wamenonaiti?"

"Ndiyo. Wewe umewajulia wapi?"

"Mimi mwenyewe Mmenonaiti. Babu yangu alibatizwa na wamisionari wao kule Shirati. Nyumbani tuko wengi."

Ami alicheka mpaka akakohoa. "Nnachora Wazungu, bibi we! Nenda kalete kahawa."

Miaka minne alikula chakula cha mikono yake, asimuulize hata mara moja kanisa gani anakwenda kila Ijumaa, siku ya mapumziko huku kwetu.

Alipofanya maonyesho nyumbani, akaja mwalimu mmoja wa Kimarekani, Mmenonaiti wa kuzaliwa, kavaa jinzi. Alizitazama picha kwa adabu tu. Lakini Evodia alipomwambia kwao ni wapi, wakashikana mikono, na mara wakawa wanaimba wimbo wa kanisani mlangoni mwa jiko, mmoja kwa Kiingereza, mwenziwe kwa Kiswahili. Wageni wote wakawafuata. Ami akabaki peke yake na farasi wake.

Mwenye haya angeomba radhi. Ami yeye, asubuhi yake, alimletea Evodia kofia nyeupe.

"Vaa, ukae hapo nikuchore."

"Hapana, Baba. Nilipokwambia, ulinicheka."

Mkataba ulipokwisha, Evodia akaenda zake. Ami akamchora kwa kukumbuka: pua yake, mabega yake, mikono ile ile iliyomfulia nguo. Ngozi akaipaka nyeupe kama maziwa. Ameitundika majlisi, na wageni wakiuliza, husema ni rafiki yake wa Pennsylvania.

Majuzi nilimwambia mgeni mmoja jina la haki la mwanamke wa picha ile, Ami akisikia. Hajanisemesha tangu siku hiyo, wala sijaona hasara.